Kufunga Kinyago kwa Ajili ya Mkono Utakaokifungua

Mkono uliovunjika ulikuwa na unene wa kalamu ya risasi. Ulikuwa mkono wa mama aliyempakata mtoto, katika safu ya tatu kutoka chini ya kinyago cha ujamaa chenye watu 11, wote wamechongwa kutoka katika gogo moja la mpingo bila kiungo wala gundi. Fundi aliyekichonga, mzee wa Kimakonde mwenye kibanda chake Mwenge, Dar es Salaam, alikuwa amekifanyia kazi kwa wiki 7. Kilivunjika kwa muda usiofika dakika moja, juu ya meza ya chuma ya ukaguzi, katika uwanja wa ndege niliokuwa nabadilishia ndege, huku mimi nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka pale na nimekatazwa kusogea.

Simlaumu ofisa aliyekuwa zamu siku ile. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka kadhaa, na kila nikilipitia upya naona kwamba kosa lilianzia nyumbani kwangu, usiku wa kuamkia safari, nilipokuwa nimepiga magoti sakafuni nikikifunga kinyago kile kwa bidii yote niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimekata vipande vya sponji na kuvishindilia katika kila tundu lililo kati ya mtu na mtu, nikazungusha magazeti, nikaongeza nailoni ya mapovu, kisha nikazungusha selotepu ya kahawia mara nyingi hata mzigo ukawa mgumu kama mpira. Nilikuwa nimekifunga kwa ajili ya safari, yaani kwa ajili ya mishtuko, msukosuko wa angani na mabegi ya watu wengine. Sikufikiri hata kidogo juu ya mtu ambaye angelazimika kukifungua. Ofisa alichukua kisu kidogo, akapasua selotepu, akaondoa magazeti, kisha akavuta kipande cha sponji kilichokuwa kimeshikana na mkono wa yule mama. Mpingo ukikatika hutoa mlio mkavu, mfupi, ambao mtu akiusikia mara moja hausahau.

Kazi yangu ni kusafirisha kazi za wachongaji na wachoraji wa Dar es Salaam kwenda kwenye maonyesho madogo ya Ulaya, yale ambayo hayana fedha za kulipia kampuni za usafirishaji wa sanaa wala bima yake. Kazi zinazoweza kuvumilia hupelekwa kwa meli au kwa mzigo wa kawaida. Zile zisizoweza kuvumilia nazibeba mwenyewe, mkononi, nikiketi nazo na kushuka nazo. Kwa hiyo nimepita kwenye milango ya ukaguzi mara nyingi nikiwa na vitu ambavyo wakaguzi hawavioni kila siku, na ninaamini kwamba usalama wa kazi ya sanaa katika safari ya ndege huamuliwa zaidi pale mezani kuliko angani.

Ili kuelewa kwa nini kinyago hufunguliwa karibu kila mara, inafaa kujua mkaguzi anaona nini kwenye kioo chake. Mashine ya eksirei huvipa vitu rangi kulingana na asili yake: vitu vya asili ya mimea na wanyama, kama mbao, karatasi, nguo na chakula, huonekana vya rangi ya machungwa, metali huonekana za buluu, na vile vilivyo katikati huwa vya kijani. Kadiri kitu kinavyokuwa kizito na kinene, ndivyo rangi yake inavyokolea. Kinyago cha mninga au cha mti mwingine mwepesi hupita kikionekana wazi. Mpingo ni habari nyingine. Ni miongoni mwa miti mizito kabisa duniani, huzama ukitumbukizwa majini, na kipande chake chenye ukubwa wa pakiti ya lita moja ya maziwa huzidi kilo moja. Kwenye kioo cha mkaguzi, gogo la mpingo huonekana kama doa la rangi ya machungwa lililokolea hata kukaribia weusi, na nyuma ya doa hilo hakuna kinachosomeka. Tena vilipuzi vingi navyo huangukia katika rangi hiyo hiyo ya machungwa. Mkaguzi asipoweza kuona ndani ya kitu, wajibu wake ni kukifungua, na kwa kweli ningependa afanye hivyo, kwa maana nami nitapanda ndege ile ile. Mashine mpya zinazoweza kuzungusha picha na kukionyesha kitu pande zote zimepunguza ufunguaji katika baadhi ya viwanja, lakini sijawahi kusafiri na mpingo mzito nikawa na hakika kwamba utapita bila kuguswa.

Kwa wale wanaotoka Dar es Salaam, hesabu ukaguzi wa kwanza mlangoni, kabla hata hujafika kwenye kaunta ya kukatia tiketi ya kupandia, kisha ukaguzi wa pili kabla ya kwenda kwenye lango. Ukibadilisha ndege njiani, ongeza mwingine. Kazi moja inaweza kufunguliwa na watu watatu tofauti katika siku moja, na kila mmoja wao ana dakika chache, foleni nyuma yake, na glavu mikononi zinazompunguzia hisia ya vidole.

Hapo ndipo nilipobadilisha namna nzima ya kufunga. Swali ninalojiuliza sasa ninapoketi na kinyago sakafuni ni hili: je, mtu asiyejua lugha yangu, ambaye hajapata kushika mpingo maishani mwake, anaweza kukifungua, kukiona pande zote na kukirudisha kama kilivyokuwa bila mimi kutia mkono? Kuna viwanja ambavyo ukiomba kwa adabu kufungua mwenyewe unaruhusiwa, na kuna vingine ambavyo hutakiwi kabisa kugusa mzigo wako ukaguzi ukishaanza. Huwezi kujua utaangukia wapi, kwa hiyo funga ukijua kwamba mikono yako haitakuwepo.

Sanduku langu la sasa ni la mbao nyembamba, lenye mfuniko unaofunguka kwa juu na ubavu mmoja unaoanguka chini kama mlango wa banda la kuku. Halina selotepu wala msumari. Linafungwa kwa utepe wa kitambaa ulio na fundo la kuvuta. Ndani yake kuna sponji ngumu niliyoichonga ifuate umbo la kinyago, lakini inakumbatia kiwiliwili tu, yaani sehemu nene za gogo zilizo chini na katikati. Mikono, vidole, vibuyu vilivyobebwa kichwani, masikio na pembe, vyote vinaachwa hewani bila kuguswa na kitu. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa sababu akili ya kawaida hutuambia kwamba kitu chembamba ndicho kinachohitaji kushikiliwa zaidi. Lakini kitu chembamba kikishikiliwa, kila mtikisiko wa sanduku hukifikia chenyewe kwanza, na kila mtu anayevuta kishikizo huvuta na kiungo pamoja nacho. Kiwiliwili kikishikwa vizuri kisicheze, vidole havina sababu ya kuvunjika.

Mafundi wenyewe ndio walionifundisha kusoma mahali pa hatari. Mbao ina nyuzi zinazopanda kufuata urefu wa gogo, na kiungo kilichochongwa kufuata nyuzi hizo huwa na nguvu hata kikiwa chembamba, ilhali kiungo kilichochongwa kukatiza nyuzi huwa dhaifu hata kikiwa na unene wa kidole gumba. Ule mkono wa mama ulikuwa umenyooka kwenda pembeni. Siku hizi, kabla ya kupima sanduku, nakaa na fundi na kumwomba anionyeshe sehemu zinazokatiza nyuzi, naye huzigusa moja moja kwa ncha ya kidole bila kusita, kama mtu anayehesabu wanawe. Vinyago vya shetani, vile ambavyo mchongaji Samaki Likankoa alivifungulia njia katika miaka ya 1950, ndivyo vyenye sehemu nyingi za namna hiyo, kwa kuwa uzuri wake wote umo katika matundu, mikunjo na viungo vinavyojitokeza pasipotarajiwa. Kinyago cha namna hiyo nakibeba kimoja tu kwa safari.

Juu ya mfuniko, kwa upande wa ndani na wa nje, nabandika picha tatu za kinyago: mbele, nyuma na ubavuni. Chini yake naweka picha nyingine nne zinazoonyesha hatua za kufungua: vuta utepe, angusha ubavu, telezesha sponji pamoja na kinyago nje, kirudishe vile vile. Sehemu za kushika zimewekewa alama ya kijani na zisizoshikwa zimewekewa alama nyekundu. Hakuna neno hata moja la lugha yoyote. Mkaguzi anapoona picha ya kitu kabla hajakifungua, mwendo wa mikono yake hubadilika. Nimeuona ukibadilika mbele yangu. Anakuwa anatafuta kitu anachokijua badala ya kupekua kitu kisichojulikana.

Kati ya sponji na mpingo natandika kipande cha kanga kuukuu, iliyofuliwa mara nyingi hata ikalainika. Haiachi nyuzi, haikwaruzi ung'avu wa nta, na ikikunjuliwa mezani hugeuka kuwa kitanda cha kukilazia kinyago juu ya chuma. Nilijaribu karatasi laini za dukani, lakini baada ya ufunguaji wa kwanza huwa zimechanika, na wa pili hakuna kinachobaki cha kufungia.

Michoro ina taabu yake, na taabu ya kwanza ni kipimo. Edward Said Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichora kwa rangi ya mafuta ya dukani, yenye kung'aa, juu ya bodi za mraba za kiasi cha futi mbili kwa mbili. Bodi nzima ya futi 8 kwa 4 hutoa miraba minane ya namna hiyo bila kubakiza kipande, na ni wazi kwamba kwa mtu asiye na fedha ya kupoteza, hicho ni kipimo chenye busara. Alifariki mwaka 1972, lakini mraba ule umebaki kuwa sura ya sanaa yenye jina lake. Sasa futi mbili ni sentimita 61. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la mkononi lenye urefu wa sentimita 55. Kwa hiyo mchoro wa Tingatinga wa kipimo chake cha asili unazidi mzigo wa mkononi kwa sentimita 6, na mdomo wa mashine nyingi za ukaguzi wa mabegi, wenye upana wa takriban sentimita 60 na kimo cha 40, unaupokea kwa shida ukilazwa, na ukiusimamisha haupiti. Nimejifunza kuuinamisha: ukiulaza mshazari, kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu ya mdomo wa mashine, unapita pamoja na kadibodi zake. Namwonyesha mkaguzi kwa mkono kabla ya kuuweka kwenye mkanda, ili asiusukume.

Kwa shirika la ndege, naomba ruhusa kwa maandishi siku kadhaa kabla, nikitaja vipimo na uzito, na barua ya majibu natembea nayo ikiwa imechapishwa. Wakati mwingine nimekataliwa, nikalazimika kubadilisha shirika au kununua kiti cha pili. Ni gharama, lakini afadhali gharama kuliko kubishana langoni na mtu ambaye hana mamlaka ya kunikubalia.

Rangi ile ya mafuta hukauka juu kwa siku chache, lakini ndani hubaki laini kwa muda mrefu zaidi. Nailoni ya mapovu ikiigusa kwenye joto huiachia alama za duara, mamia kwa mamia, ambazo hazifutiki. Niliona simba mmoja aliyefika na ngozi ya chui kwa sababu hiyo, na mwenye mchoro alilia. Upande wa rangi uguswe na karatasi ya kuokea mikate, ile isiyonata, kisha kadibodi ngumu mbili zilizozidi bodi kwa kidole kimoja kila upande, ili pembe za bodi zisiwe za kwanza kugonga. Mchoro wa kitambaa unaweza kuviringishwa, na hapo watu wengi huviringisha rangi ikiwa ndani wakidhani wanailinda. Inafaa kuwa nje, juu ya mrija mpana, kwa kuwa rangi iliyo ndani hubanwa na kujikunja, na mchoro ukinyooshwa inapasuka. Mrija mwembamba kama wa kuhifadhia kalenda haufai kwa rangi nzito. Eksirei yenyewe haidhuru rangi wala mbao, na huna haja ya kuiogopa. Wanaopaswa kuwa na wasiwasi ni wapiga picha wanaobeba filamu ambayo haijasafishwa.

Kopo la rangi ya kurekebishia au thina usilibebe kabisa, mkononi wala kwenye mzigo wa chini, kwa kuwa ni vitu vinavyowaka. Patasi, tupa na visu vya fundi viende kwenye mzigo wa chini. Rungu nalo huko huko, hata kama limenakshiwa kwa shanga na umelinunua kama zawadi. Kwa mkaguzi ni silaha ya kupigia, na kwa haki kabisa, kwa sababu ndivyo lilivyo. Vinyago vidogo vya morani mara nyingi huwa na mkuki wa chuma unaochomoka. Uchomoe, uufunge peke yake, uuweke kwenye mzigo wa chini.

Kuhusu karatasi za vibali, sitaki kuwa mwepesi. Tangu Januari 2017 mpingo umo katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES, pamoja na jamaa zake karibu wote wa jenasi ya Dalbergia, yaani kundi la miti ambalo mpingo umo ndani yake. Tangu Novemba 2019, bidhaa zilizokamilika zenye mbao hiyo isiyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja zimeondolewa katika sharti la kibali cha mkataba huo, na kwa kuwa mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 tu mkononi, kinyago cha kubebwa na mtu mmoja huwa ndani ya kipimo. Hilo haliondoi taratibu za nchini, ambazo huulizwa kwa Wakala wa Huduma za Misitu kabla ya safari. Mimi hubeba stakabadhi ya fundi iliyoandikwa kwa mkono, yenye tarehe, aina ya mti, uzito na neno “kazi mpya”, pamoja na picha ya fundi akiwa ameishika kazi hiyo kibandani kwake.

Nimewahi kuulizwa na wenzangu kama picha hiyo si kujitaabisha bure. Nawakumbusha barakoa ya Kimakonde iliyoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ikaja kuonekana Geneva katika Makumbusho ya Barbier-Mueller, na haikurejeshwa Tanzania hadi mwaka 2010. Miaka 26. Ofisa wa forodha anayeniuliza kinyago hiki nimekipata wapi ananilinda mimi na anamlinda fundi, na ningependa mtu angemuuliza swali hilo hilo yule aliyevuka mpaka na barakoa ile.

Kinyago cha watu 11 nilikirudisha Mwenge. Mkono uliovunjika nilikuwa nimeuweka kwenye bahasha, nikiwa na matumaini ya gundi. Nilimwamkia mzee, nikaweka vyote viwili juu ya kigoda chake, na sikuweza kusema zaidi ya samahani. Alikigeuza kinyago mara mbili tatu, akapitisha kidole gumba mahali palipokatika. Gundi alikataa, alisema kazi iliyotoka katika gogo moja haiwezi kubeba kitu kilichobandikwa. Alichukua tupa, akaufupisha mkono ule hadi kwenye kiwiko, akausugua kwa msasa, akaupaka nta, akazungusha bega kidogo hata ikaonekana kana kwamba yule mama amemkumbatia mtoto kwa karibu zaidi, mkono wake ukipotelea ndani ya kanga. Asiyejua hawezi kujua. Mimi kila nikikitazama, macho yangu hukimbilia pale.

Miezi michache iliyopita nilimkuta ameanza gogo jipya, bado lina ganda upande mmoja, na ule utepe wa mbao ya manjano iliyo chini ya ganda unaonekana ukipakana na weusi. Alikuwa ameshaona watu ndani yake. Alinionyesha kwa ncha ya patasi mahali ambapo mmoja atanyoosha mkono mbali kabisa na wenzake, kukatiza nyuzi, akimpokea aliye juu. Nilijua mara moja kwamba huo ndio utakaokuwa mgumu kusafirishwa. Wachoraji wengi wa mjini wameshapunguza bodi zao ziingie kwenye masanduku ya watalii, na siwalaumu, kwa sababu lazima wale. Lakini huniuma kuona mraba wa futi mbili ukizidi kuwa adimu kwa sababu ya kipimo cha kabati la juu ya viti vya ndege.

“Mwanangu,” mzee akaniuliza, patasi ikiwa bado mkononi, “lile sanduku lako lina upana gani? Nisije nikakutesa tena.”

“Chonga, mzee wangu,” nikamwambia. “Mkono uende unapotaka kwenda. Ukimaliza nitakuja na futi nipime, halafu nitengeneze sanduku.”

Aliinama, akaendelea kugonga.